Tofali Ndani ya Karai la Maji: Maisha ya Mwalimu Xavery Gaspari Ndikumana, 1932–1985

Baba Padre, wazee wa Mabawe, walimu, wanafunzi wa zamani wa marehemu, na ninyi ndugu mliosafiri kutoka Biharamulo, mimi ni Pancras Gaspari Ndikumana, mtoto wa kwanza wa Mzee Gaspari, na tunayemzika leo Jumamosi tarehe 11 Mei 1985 alikuwa mdogo wangu. Ukoo umeniagiza nisome maisha yake kwa utaratibu, na umeniagiza pia nisiruke jambo la Nemba, kwa kuwa tangu mwaka 1976 wapo watu wanaosema kwamba Mwalimu Xavery aliangusha ukuta wa shule kwa uchawi, na neno hilo limemwelemea mjane wake na watoto wake hadi leo. Nitalifikia mahali pake, na nikishalisema lote mtajua ni nani aliyepaswa kulijibu zamani na hakulijibu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Agosti 1932 hapa hapa Mabawe, mtoto wa nne wa Mzee Gaspari Ndikumana na Mama Scholastika Nimpaye, wote wawili marehemu, akabatizwa tarehe 4 Septemba mwaka huo huo, na tarehe hizi nimezinakili kutoka katika cheti chake cha ubatizo, sikuzikisia. Baba yetu alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, na mama yetu alikuwa msusi wa vikapu, mwenye mkono uliobana sana, hata watu wa vilima vya jirani waliagiza kwake vikapu vya kuwekea ulezi kwa sababu havikudondosha punje. Xavery alipokuwa na umri wa miaka sita au saba alikuwa akikaa miguuni pake na kumwuliza kwa nini anasukia nyasi hizi na si zile, kwa nini anazilowesha kwanza, kwa nini kikapu kikikauka kinakaza, na ninamkumbuka mama akimwambia baba, "Huyu mtoto wako ataniuliza mpaka nizikwe, na hata hapo atauliza jeneza ni la mti gani." Baba alicheka, lakini mama alimjibu mtoto kila swali, na yale ambayo hakuyajua alimwambia wazi kuwa hayajui.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni mwezi Januari 1942, akamaliza darasa la nne mwaka 1945, akachaguliwa kuendelea na darasa la tano hadi la nane kati ya mwaka 1946 na 1949, kisha akajiunga na chuo cha ualimu cha misheni wilayani Bukoba, alikosoma miaka miwili na kutunukiwa cheti cha ualimu cha Daraja la Pili mwezi Desemba 1951. Safari ya kwenda chuoni wakati ule ilikuwa ya siku nyingi, sehemu kwa miguu na sehemu juu ya lori la kahawa, naye aliniandikia barua moja tu katika muhula wa kwanza, ambayo haikutaja njaa wala baridi, ilieleza tu kwamba chuoni wana sumaku yenye umbo la kwato la farasi, kwamba ameruhusiwa kuishika, na kwamba amejaribu nayo vitu ishirini na saba na vilivyovutwa ni sita.

Kazi ya ualimu aliianza rasmi tarehe 7 Januari 1952, akafundisha katika shule tatu za Wilaya ya Ngara kwa miaka ishirini na mitatu mfululizo, na ingawa alifundisha hesabu, kilimo na uraia kama walimu wote, somo lililojulikana kuwa lake lilikuwa sayansi, na katika sayansi, mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile inayohusu vitu vinavyotuzunguka, vimetengenezwa kwa nini, vina tabia gani, na vinatufaa kwa kazi gani. Hakuwa na maabara, wala shule zetu hazikuwa nayo, kwa hiyo aliingia darasani kila asubuhi na kitu kimoja cha nyumbani chini ya kwapa, akakiweka mezani na kuuliza maswali yake mawili, ambayo wengi wenu hapa mnaweza kuyasema pamoja nami: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini, na mbona hakikutengenezwa kwa kingine. Kwa njia hiyo watoto wa wakulima walijifunza kwamba jembe ni la chuma kwa sababu chuma hakipindi mbele ya udongo, na mpini ni wa mti kwa sababu mti haupitishi joto la jua upesi na hauchoshi kiganja, kwamba sufuria ya alumini huchemsha haraka na mwiko wa mti ndio unaoweza kukaa ndani yake bila kumwunguza mpishi, kwamba kioo cha chemli hupitisha mwanga na kuzuia upepo, mambo mawili ambayo bati haliwezi kuyafanya kwa pamoja, na kwamba maziwa hukaa kwenye kibuyu kwa sababu babu zetu walifanya majaribio mengi kabla ya shule kujengwa.

Hakuwa mtu asiyekosea, na mwenyewe asingetaka niseme hivyo. Mwaka 1963 alitaka kuonyesha kwamba mpira huyeyuka kabla ya kuwaka, akaomba ndara ya mtoto aliyekaa dawati la mbele, akaishikilia juu ya moto kwa koleo, na somo lilikwenda vizuri sana mpaka ilipobainika kwamba ndara zile zilikuwa za dada wa mtoto huyo, zilizoazimwa kwa siku hiyo tu. Marehemu alivua viatu vyake papo hapo akampa mtoto avipeleke nyumbani viwe rehani, akafundisha pekupeku kwa siku kumi na mbili hadi alipopata jozi nyingine sokoni Ngara, na tangu siku hiyo watoto walipomwona akiingia na kibiriti walificha miguu chini ya madawati na kumwuliza, "Shikamoo Mwalimu, leo unachoma cha nani?"

Marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 25 Juni 1955 na Bernadetha, binti wa Mzee Ndassa, mhunzi wa Biharamulo, na historia ya ndoa hiyo ilianzia kwenye kiwanda cha mkwewe, kwani Xavery alikwenda kununua kisu, akabaki mpaka jioni akiuliza kwa nini chuma chekundu kikitumbukizwa majini kinakuwa kigumu na kikiachwa kipoe chenyewe kinakuwa laini, akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, hadi Mzee Ndassa akamwambia, "Kijana, visu unavyo vitatu sasa, sema unachotaka." Mungu aliwajalia watoto watano, Renatus aliyezaliwa mwaka 1956, Jovina mwaka 1959, Gaspari mwaka 1962, Genoveva mwaka 1966, na Pancras mdogo, aliyefariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miezi tisa.

Sasa nafika Nemba. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, watu wengi wa Biharamulo walikusanywa katika vijiji vipya, wenyeji wa siku nyingi pamoja na wafugaji na wakulima waliotoka Shinyanga na Mwanza, na kijiji kimoja kipya katika kata ya Nemba kilihitaji walimu, ndipo marehemu akahamishiwa huko tarehe 6 Januari 1975 pamoja na mke wake na watoto. Mimi wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Biharamulo, nikipokea barua, kuzipiga mhuri na kuzipeleka kwenye majalada, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na minane.

Kijiji kiliamua kujenga madarasa mawili kwa nguvu zake chenyewe, jambo la kusifiwa, na kila balozi wa nyumba kumi alipewa idadi ya matofali ya kufyatua, na idadi hizo zilisomwa hadharani kila Jumapili mbele ya Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Shibuda Malongo, mtu mchapakazi aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Matofali yale hayakuwa ya kuchomwa, yalikuwa ya kukaushwa juani, na udongo ulikuwa wa aina mbili, wa vichuguu kule juu na wa bondeni karibu na kijito. Udongo wa kichuguu unanata, unataka kukanyagwa siku mbili, na hung'ang'ania ndani ya kalibu ya mbao ya kufyatulia hata uigongegonge, lakini ule wa bondeni una mchanga mwingi, kalibu ikiinuliwa tofali linatoka mara moja, safi, na maji yako karibu, kwa hiyo nyumba kumi zilizofyatulia bondeni ndizo zilizopigiwa makofi kila Jumapili, na baada ya wiki tatu hakuna aliyepanda tena kwenye vichuguu.

Marehemu aliliona hilo na hakulala juu yake. Alichukua tofali moja la bondeni na moja la kichuguu, akawaambia wanafunzi wa darasa la nne wayaweke kwenye makarai mawili ya maji, wakakaa kuyatazama na kuandika, na walipomaliza aliyapeleka makarai yale yale na matofali mengine mawili kwenye mkutano wa kijiji, Jumapili tarehe 31 Agosti 1975, akaomba nafasi na kurudia jaribio mbele ya watu wote. Tofali la bondeni lilianza kumomonyoka kabla Mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda, na marehemu akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ukuta wa matofali haya utaanguka masika ikifika. Ndugu Shibuda alimjibu, "Mwalimu, sisi hatujengi shule ndani ya karai," na mkutano ukaangua kicheko. Marehemu akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mvua ya Machi ya hapa unaijua." Mtu mwingine nyuma akapaza sauti, "Huyo anafundisha watoto kupika uji wa udongo!" na wakacheka tena, na Mwenyekiti akafunga jambo kwa kusema kwamba mgeni rasmi atafika Desemba na bati lazima liwe juu, na atakayewavunja watu moyo atajulikana ni wa upande gani.

Bati lilipanda tarehe 29 Novemba, mgeni rasmi akafika, shule ikafunguliwa. Mvua za mwezi wa Machi 1976 zilipoanza, marehemu alikuwa akitoka nje kila asubuhi kuutazama mguu wa ukuta, na maji yalipotuama hapo aliwahamishia wanafunzi wake kwenye ghala la ushirika, akiwashawishi na walimu wenzake wafanye hivyo. Jumanne tarehe 23 Machi 1976, saa tano kasorobo asubuhi, ukuta wa magharibi ulianguka wote kwa pamoja na kuvuta bati, na kwa rehema ya Mungu hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani, ila mbuzi watatu wa Ndugu Shibuda walioingia kujikinga mvua, nao wakafa.

Mngetegemea watu waje kumshukuru, na wachache walikuja, lakini wengi waliliona jambo kwa namna nyingine, nami sitaki kuwadharau kwa hilo, kwani walikuwa wamekutanishwa kwa amri, hawajuani, kila mmoja anaogopa dawa za mwenzake. Walikumbuka kwamba Mwalimu aliloweka tofali majini mbele ya halaiki, akatamka kuwa ukuta utaanguka na kuutajia mwezi, kisha akawatoa watoto siku yenyewe na kuwaacha mbuzi wa Mwenyekiti peke yao. Kwao kuloweka tofali hakukuwa jaribio la sayansi, ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, tofali moja liliyeyushwa na ukuta wote ukafuata. Kuanzia wiki ile, Bernadetha alipofika kisimani wanawake waliinua mitungi yao ikiwa nusu na kuondoka, na jirani mmoja alimwambia usoni, "Dada, mwambie mumeo nyumba yangu asiitazame." Mwezi wa Julai marehemu alihamishwa kurudi Ngara, kwa barua isiyotaja sababu, na barua ile, ndugu zangu, niliipiga chapa mimi.

Aliporudi hapa Mabawe alifundisha kwa miaka minane na miezi kadhaa mingine, na naweza kusema kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa miaka yake bora. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978, Renatus aliondoka na mgambo, na vijiji vyetu vikatakiwa kuchangia chakula cha wapiganaji, lakini maharage ya kwanza yaliyopelekwa kwenye magunia yalilowa juu ya malori ya wazi na kuota. Marehemu aliligeuza jambo hilo kuwa somo la darasa la saba, wakajaza maharage katika gunia, kibuyu, mtungi na debe lililozibwa kwa nta ya nyuki, wakavimwagia maji siku tatu, kisha wakavifunga nyuma ya baiskeli, kimoja baada ya kingine, na kuvipandisha ile barabara ya mawe ya kwenda Ngara mjini. Mtungi ulivunjika kabla ya daraja, kibuyu kilipasuka kwenye kona ya pili, gunia lilifika likidondosha maji, na debe likafika kavu, ndipo akapita nyumba kwa nyumba kuomba madebe, ambayo wakati ule yalikuwa adimu kuliko sukari. Mama mmoja alimwuliza, "Na maji nitachotea nini, Mwalimu, kiganja?" naye akamjibu, "Mtungi, mama, mtungi haupandi lori." Yule mama alitoa mawili, na taarifa ilirudi kwamba chakula cha Mabawe kilifika kizima.

Renatus alirejea mwezi Agosti 1979, mzima, ingawa mguu wake wa kushoto haujanyooka hadi leo. Katika miezi ile ya kujifunga mkanda iliyofuata, ambapo madukani hapakuwa na chaki, sabuni wala rangi, marehemu alisaga makaa ya betri kuukuu akayachanganya na majani ya muhogo yaliyopondwa na kupaka ubao ukawa mweusi kama mpya, akachimba udongo mweupe na kuuviringisha uwe chaki, na walimu wa shule nyingine sita walikuja kujifunza kwake namna ya kufanya hivyo, wakiondoka na mikono myeusi na vipande vya udongo mfukoni.

Lakini neno la Nemba lilimfuata. Mwaka 1982 washenga walikuja kumposa Jovina, wakapokelewa, wakanywa pombe ya ndizi, wakasifu nyumba, na baada ya wiki mbili wakaleta ujumbe kwamba kijana wao hawezi kuoa kwa mtu anayeangusha kuta. Jina la familia ile ninalo, na nisingependa kulitaja mbele ya msiba. Jovina yupo hapa, ana umri wa miaka ishirini na sita, ni muuguzi, na hajapata kumlaumu baba yake hata siku moja.

Sasa nasema sehemu ambayo ni yangu. Wiki moja baada ya mkutano ule wa kijiji, marehemu aliandika barua kwenye ofisi niliyofanyia kazi, na barua hiyo ninayo mkononi, na nitaisoma kama ilivyo.

"Nemba, tarehe 8 Septemba 1975. Ndugu, kuh: matofali ya shule. Naomba kukuarifu kuwa leo wanafunzi wangu wa darasa la nne wamepima tena matofali ya aina mbili. Tofali la udongo wa bondeni liliwekwa majini saa mbili asubuhi, saa tatu na robo lilikuwa limepoteza pembe zote, saa nne lilikuwa uji. Tofali la udongo wa kichuguu liliwekwa saa ile ile, na saa kumi jioni lilikuwa bado linashikika kwa mkono. Sababu ni kwamba udongo wa bondeni una mchanga mwingi na hauna kinachoushikamanisha. Wananchi wamefanya kazi kubwa na sipendi ipotee. Naomba aje mtu mwenye ujuzi wa majenzi kabla bati halijapandishwa, ashauri ama matofali yachomwe, ama msingi uinuliwe kwa mawe na upenu urefushwe. Nimelisema jambo hili mbele ya mkutano, lakini mimi ni mwalimu tu, naona litasikika zaidi likitoka kwenu. Ni mimi katika ujenzi wa taifa, X. G. Ndikumana."

Barua hii ilifika Ijumaa tarehe 12 Septemba 1975, na mhuri wa kupokelewa uliopo hapa juu ni wa mkono wangu. Ilipaswa kwenda mezani kwa mkubwa wangu siku ile ile. Sikuipeleka, nikaiweka katika jalada la mengineyo, kwa sababu mwandishi alikuwa mdogo wangu na sikutaka isemwe ofisini kwamba ninampitishia ndugu yangu malalamiko, na kwa sababu taarifa ya idadi ya matofali ya kijiji kile ilikuwa imesifiwa asubuhi hiyo hiyo. Ukuta ulipoanguka tuliulizwa ofisini kama kuna mtu yeyote aliyewahi kutoa tahadhari, nami nilinyamaza, na jioni nikaitoa barua jaladani nikaipeleka nyumbani, jambo ambalo karani haruhusiwi kulifanya, na ambalo sikuwa nimelifanya kabla wala sikulifanya tena. Ndugu Shibuda Malongo na watu wake hawakupata kuiona. Wangeiona, wangejua kwamba mchawi haiandikii serikali kuomba aje fundi.

Krismasi ya mwaka 1976, tukiwa wawili nyuma ya nyumba hii, marehemu aliniuliza, "Kaka, ile barua yangu ya Septemba ilifika?" Nikamjibu kwamba barua nyingi zilifika mwaka ule. Alinitazama, akasema, "Haya, kaka," akaendelea kunimiminia pombe, na kwa miaka minane hakuniuliza tena, wala hakupunguza shikamoo yake hata mara moja.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi Novemba 1984, akatibiwa kwanza katika zahanati, na tarehe 18 Februari 1985 akalazwa katika hospitali ya Rulenge, alikohudumiwa kwa uangalifu mkubwa hadi mwisho. Jumapili tarehe 5 Mei nilikwenda na barua hii, nikamweleza kila kitu, nikampa mkononi. Aliomba miwani, akaisoma polepole kuanzia juu hadi chini, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Hapa palitakiwa niongeze, kaka, tofali la kichuguu lilikaa na usiku mzima, tulilikuta asubuhi, lakini barua nilikuwa nimeshaifunga." Kisha akageukia ukutani, nikadhani amelala, na ndipo akasema, "Isome watu wakiwepo. Na Bernadetha awepo." Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 1985, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi minane na siku ishirini na tano, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru waganga na wauguzi wa Rulenge, Baba Padre aliyempa sakramenti, walimu wenzake waliochanga mbao na kulitengeneza jeneza wenyewe, majirani wa Mabawe waliopika na kulala nasi, na ndugu wa ukoo wa Mzee Ndassa waliotembea siku nzima kutoka njia kuu. Namshukuru Bernadetha, ambaye jana nilimsomea barua hii kabla yenu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, ungeileta kisimani," akaenda kuangalia moto. Hana deni lolote la maneno kwangu, mimi ndiye ninayedaiwa.

Mwenye kutaka kuiona barua, tarehe na mhuri, nitakuwa nimeketi hapa barazani hadi matanga yaondolewe. Baada ya hapo, Jumatatu tarehe 20 Mei, mimi na Renatus tutapanda gari kwenda Biharamulo, na kutoka hapo hadi Nemba, ambako nimeshaandika kuomba mkutano wa kijiji uitwe, na nitaisoma huko kwa sauti hii hii, mbele ya Ndugu Shibuda na mbele ya wanawake wa kisima kile, na nitataja jina langu kwanza kabla ya jina la mtu mwingine yeyote.

Mwalimu Xavery, mwana wa Gaspari na Nimpaye, pumzika kwa amani. Kazi iliyobaki ni ya kaka yako.